Mtoto wa Bujiku wa Sapiwi

Mgeni hakupiga hodi. Kwanza ilikuja harufu, ikapenya kwenye wavu wa mlango na kuketi nao mezani, hata Marcelo akadhani kuna panya amefia darini. Ndipo wakasikia fimbo ikigonga saruji ya baraza, na mtu akakohoa kwa makusudi, kikohozi cha mzee anayetaka watu watoke wenyewe.

"Nenda wewe, kuruta," Josia alisema bila kuinua macho. "Ukamsalimie Kisukuma. Huo ndio mtihani wako wa leo."

Ilikuwa saa yao ya kujifunza lugha. Vijana hawa wawili walikuwa wamisionari wa Kimormoni, wale ambao watu wa Bariadi waliwaita watu wa tai. Josia, mtoto wa Dar es Salaam, alikuwa amebakiza miezi michache amalize miaka yake miwili. Marcelo, mtoto wa Moshi, alikuwa kwenye wiki zake za mwanzo, na Josia ndiye aliyekabidhiwa kumfunda. Kila asubuhi, baada ya sala na maandiko, waliketi kwenye meza ya plastiki kupiga Kisukuma, kwa sababu Kiswahili kiliwafikisha uani tu. Kwa bibi aliyekaa ndani hakikufika. Kwa utaratibu wa kanisa lao kila mmisionari wa kiume huitwa Mzee, hata awe hajaota ndevu, na kibati cheusi kifuani mwa Marcelo kiliandikwa "Mzee Kasmiri". Kasmiri lilikuwa jina la baba yake, mwenye bucha, ambaye siku ya kuagana alimwambia kwamba hana mtoto Mormoni na asijisumbue kurudi.

Marcelo alifungua mlango. Nje alisimama mwanamume mrefu, mkavu, mwenye koti la suti lililochakaa viwiko, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa vipande vya kanga mpaka ukawa mnene kama mzinga wa nyuki. Nzi walikuwa juu yake kama walio kwao. Kitu cha manjano kilikuwa kimevuja hadi kwenye ndala.

"Mwangaluka, baba," alisema Marcelo, akishusha kichwa na kupumulia mdomo.

"Mwangaluka." Mzee alimtazama usoni, akatazama tai, akarudi usoni. "Yuko wapi ng'wana Bujiku? Nimeambiwa anakaa hapa. Anavaa tai."

Marcelo aliachia kitasa cha mlango.

Kwa Wasukuma salamu haiishi mpaka umeulizwa wewe ni ng'wana nani, yaani mtoto wa nani, na jibu lako ndilo linalokupa kigoda au kukuacha umesimama. Siku ya kwanza Marcelo alipoulizwa, hakutaka kulitaja jina la Kasmiri. Josia akampa dawa. "Chagua jina lolote la hapa," alisema. "Sema ng'wana Bujiku. Akina Bujiku ni wengi, nani atafuatilia?" Basi kwenye mnada wa Dutwa, kati ya baiskeli na magunia ya mahindi, Marcelo akawa ng'wana Bujiku. Wakulima wa pamba walimpigia makofi. Mmoja akauliza, Bujiku yupi? Marcelo akasema wa Sapiwi, kwa kuwa Sapiwi alilisikia dakika hiyo hiyo kwa mpiga debe. Watu wakatazamana, kisha wakamshika mkono mmoja mmoja, na mama mmoja akafuta machozi. Yeye akadhani ni ukarimu.

"Bujiku ni mimi," alisema mzee. "Wa Sapiwi. Mwanangu Mashimba alikwenda Geita kuchimba dhahabu, hakurudi. Wameniambia karudi, kaokoka, kanenepa, Kisukuma kimempotea mdomoni. Nikasema si kitu, kitarudi."

"Baba, ni mimi niliyesema hivyo," alisema Marcelo. "Nilidanganya. Samahani sana."

Mzee hakupiga kelele. Alitafuta ukingo wa baraza kwa fimbo, akakaa, akanyoosha ule mguu mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mzigo wa jirani.

"Nimechinja mbuzi," alisema.

Josia alikuwa amesimama mlangoni, amevuta kola ya shati juu ya pua. "Mpe maji ya kunywa aende," alinong'ona. "Na kikombe usikirudishe ndani."

Mzee alisikia, maana wazee husikia kile kisichowahusu na kinachowahusu. "Wewe unaitwa nani?"

"Mzee Josia."

"Mzee." Aliligeuza neno mdomoni. "Na huyu?"

"Mzee Kasmiri."

"Kwa hiyo mimi ndiye kijana hapa. Basi wazee wangu, mtafika nyumbani kwangu mkawaambie watu wenyewe. Mimi sina mdomo wa kuwaambia tena kwamba mtoto hayupo."

Wakaenda Jumatatu, siku yao ya kufua nguo na kupumzika. Josia alinung'unika basi zima hadi njiapanda, na njia nzima ya vumbi baada yake. "Nilikwambia useme jina," alisema, "sikukwambia utaje na kijiji." Marcelo alikuwa na kinyaa na ulimi wake mwenyewe.

Uani kwa Bujiku majirani walikuwa wamekwisha kusanyika, wengine na watoto mgongoni. Marcelo alisimama katikati, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba yeye si Mashimba, hamjui Mashimba, na baba yake yuko Moshi. Mtu mmoja alicheka kidogo, akaacha. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, bila kuaga, wakimwacha na dada wa mzee, mwanamke mfupi aitwaye Anyesi, aliyekuwa akipepeta choroko muda wote huo.

"Yule mbuzi alikuwa na mimba," Anyesi alisema. "Tumemla na watoto wake kwa ajili ya tai yako."

"Nisamehe, mayu."

"Mayu," alirudia, akatema mate pembeni. "Sasa umenifanya na mama." Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya moto, chumvi na kitambaa. Aliviweka miguuni pa Marcelo. "Kila siku naosha mimi, kwa sababu mwenye kazi hayupo. Leo amejileta. Osha."

Josia alichangamka ghafla. Kanisa lao liliwahimiza huduma kwa wahitaji, na picha ya huduma ilipendwa. "Ndiyo, Mzee Kasmiri, hiyo ni huduma," alisema, akitoa simu.

Marcelo alikunja mikono ya shati lake jeupe. Tabaka la kwanza la kanga lilitoka bila shida. La pili lilikuwa limegandana na la tatu, akalazimika kulilowesha, na maji ya beseni yakageuka rangi ya chai. Chini yake palikuwa na samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, dawa ya mganga fulani, na ilipoanza kumeguka harufu ilibadilika. Ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomshinda. Laiti ingekuwa kali tu angevumilia, lakini ilikuwa na utamu wa papai lililooza, ikamwingia puani ikashuka hadi nyuma ya ulimi kama kitu kilichoonjwa. Vidole viwili havikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na shimo lenye kingo nyeupe, na ndani ya shimo vitu vidogo vilikuwa vikijinyonganyonga.

Alifika zizini kabla hajatapika, lakini hakufika mbali. Michembe, vile viazi vikavu alivyokula asubuhi, ilitoka yote. Akarudi, akashika kitambaa, akaenda tena.

"Usimwonee haya," alisema mzee kwa dada yake, ambaye hakuwa ameona haya yoyote. "Hata mimi, nisingekuwa mwenyewe, ningeukimbia."

Marcelo alimaliza kuosha akiwa na machozi, pua ikimchuruzika. Akaufunga mguu kwa kitambaa safi. Alimuuliza mzee kwa nini hayuko hospitali.

"Nilikwenda. Sukari. Wakasema wataukata hapa." Mzee aligusa chini ya goti. "Waukate, una faida gani? Wakasema rudi siku ya daktari wa upasuaji. Nikapanda basi siku hiyo. Hatujafika mbali konda akasimamisha gari, akanirudishia hela yangu, akasema mzee shuka, abiria wanatapika. Mke wa mdogo wangu alikuwemo. Alivuta kanga mpaka hapa, machoni, akajifanya hanijui. Nikashuka. Nimekaa kando ya barabara ile mpaka kijana wa punda akanibeba. Kisu sikiogopi. Basi lile ndilo sipandi tena."

"Lakini ulikuja kwetu Bariadi."

"Nilikuja na mkokoteni wa punda, tangu usiku. Nilidhani nakwenda kwa mtoto."

Marcelo alikuwa bado amechuchumaa, na beseni lilikuwa kati yao. Hakupanga kusema alichosema. Kilitoka tu, kama vile jina la Sapiwi lilivyotoka mnadani.

"Siku utakayokubali kwenda, baba, nitakuja kukuchukua. Nitakaa na wewe kiti kimoja mpaka hospitali."

"Na pua?"

"Sitaiziba."

Mzee Bujiku alicheka kwa mara ya kwanza, meno yake machache yakaonekana. "Huo sasa ni uongo wa pili."

"Siuzibii mguu wako pua," Marcelo alisema. "Utaona."

Usiku ule, wakila ugali na dagaa wa Lamadi ambao Marcelo hakuweza kuwagusa, simu ya Josia haikutulia. Alikuwa ametuma video kwenye kundi la wenzake wa Mwanza. Alimgeuzia Marcelo kioo. Marcelo alijiona anakimbia kuelekea zizini, tai ikiruka begani, mbuzi wakitawanyika, na sauti ya Josia ikitangaza kama mtangazaji wa mpira: "Mzee Kasmiri anaachia, ndani ya boksi." Na kweli ilichekesha. Marcelo alicheka. Akachukua simu yake mwenyewe akatuma kwenye kundi kikatuni kinachocheka mpaka machozi.

Kisha akaitazama mara ya pili, kwa sababu alitaka kucheka tena. Safari hii macho yake hayakwenda kwenye zizi. Upande wa kushoto, ukingoni mwa picha, mzee Bujiku alikuwa amebaki peke yake na mguu ulio wazi. Alikuwa akiokota vile vitambaa vichafu kutoka chini na kuufunika haraka haraka, mkono ukikosa, ukirudi, huku uso wake ameugeuzia ukutani ili simu isimpate.

Marcelo alisukuma sahani kando. "Ifute," alisema.

"Imeshaonwa na watu wote, kuruta. Na wewe mwenyewe umecheka."

"Najua nimecheka. Ifute."

"Usinifanye mimi mtu mbaya," Josia alisema, sasa bila utani. "Nilipofika hapa nililia kila siku kwa mambo ninayoyaona. Ukiyachukua yote moyoni hutafika mwezi wa pili. Mimi nacheka ili nifike."

Aliifuta, lakini kwa unyonge wa mtu anayelipa faini asiyoiamini. Marcelo alikwenda bafuni kunawa, akanawa mara kadhaa, na ile harufu tamu ikaendelea kutoka mahali ambapo sabuni haikufika.

Wiki iliyofuata kazi ya kweli ilimfurahisha kidogo. Fundi baiskeli wa Dutwa, Salu, aliyekuwa akisoma nao maandiko tangu kabla Marcelo hajafika, alikubali kubatizwa, na alipoulizwa nani ambatize alimnyooshea Marcelo bisibisi. "Huyu. Anasema Kisukuma kama mtoto wa chekechea, simwogopi." Ubatizo ukapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye tangi kubwa uani kwa rais wa tawi lao, maana viongozi wao huitwa marais, mwalimu wa shule aitwaye Magese. Kwa mmisionari, mtu wa kwanza kumzamisha kwa mkono wake mwenyewe hasahauliki. Marcelo aliyafanyia mazoezi maneno yale akiwa anaoga, akiwa anapiga pasi, mpaka Josia akamwambia hata sufuria sasa zimeokoka.

Ijumaa jioni simu iliita. Alikuwa Anyesi, na alipiga kelele kama wanavyopiga wasioiamini simu.

"Daktari wa kukata anakuja kesho. Asubuhi tu, kisha anaondoka. Mzee anasema yuko tayari kama wewe uko tayari. Anasema usipokuja si kitu, alijua."

Simu ikakatika.

Marcelo alimweleza Josia, na Josia alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja mikono. "Kesho saa nne una ubatizo. Mimi sitoki Bariadi. Na wewe peke yako hutoki, sheria unaijua: mmisionari haendi popote bila mwenzake."

"Nitamwomba Magese anipe muumini mmoja twende naye."

Alimpigia Magese mbele yake. Mwalimu alisikitika kwa adabu: wanaume wa tawi walikuwa wachache, na wote kesho walikuwa na kazi ya kujaza tangi na kumshuhudia Salu. Ahirisha mguu, alisema, mguu hauna haraka kuliko roho.

"Umesikia," alisema Josia. "Ukivuka mlango huo peke yako nampigia rais wa misheni. Si kwa ubaya. Wewe ndiye kuruta wangu; wakiniuliza nilikuwa wapi nitajibu nini?"

"Sema ukweli."

"Watakurudisha nyumbani, Kasmiri."

Ndilo jambo ambalo Marcelo alikuwa amelizunguka tangu simu ikatike. Nyumbani hakukuwa na mlango wa kurudia. Bucha ya baba yake ilikuwa na ngazi mbili mbele, na alijiona amesimama chini yake na sanduku, na baba akiendelea kupanga maini.

Alitoka na Josia hadi kibandani kwa Salu, akamwambia mwenyewe. Salu alikuwa akiziba pancha. Aliendelea kusugua mpira kwa msasa.

"Kwa hiyo mguu umenishinda," alisema.

"Nilimwahidi kabla yako."

"Sawa. Mzee Josia mikono yake ni ya baridi, lakini sawa." Akapuliza kwenye gundi ikauke. "Ungenidanganya kwamba unaumwa, nisingejua."

"Nimeshadanganya kwenye mnada huu huu," alisema Marcelo. "Unajua kilichofuata."

Asubuhi Josia alikuwa ameketi kitandani, simu mkononi, Marcelo alipofunga kamba za viatu. Hawakuagana. Marcelo alikuwa amefika kwenye geti aliposikia mwenzake akisema ndani, kwa sauti ya chini, "Shikamoo, Rais. Samahani kwa kukupigia mapema."

Anyesi alikuwa amemvisha kaka yake lile koti la suti. Walimpakia kwenye baiskeli, Marcelo akasukuma, Anyesi akashikilia mguu, mpaka barabara kuu. Jua lilikuwa limeanza kuwaka na kidonda kilikuwa kimeanza kuvuja. Basi liliposimama konda alishuka, akamwona mzee, akaanza kutikisa kichwa.

"Nalipa viti vitatu," alisema Marcelo, "na nakaa mimi."

"Bro, tatizo si viti."

"Nakaa mimi karibu yake. Wewe utakuwa mlangoni, utapata hewa kuliko mimi."

Konda alitazama tai, kibati, na vumbi lililokwisha kumpanda Marcelo hadi kifuani. Labda hakutaka ugomvi na watu wa dini asubuhi. Akasogea.

Basi halikuwa limejaa, na lilipoanza kwenda nusu ya mbele ikawa tupu kabisa. Watu walihamia nyuma na mizigo yao. Madirisha yalifunguliwa moja baada ya jingine. Kanga zilipanda, kofia zikashuka, kijana mmoja akavuta fulana mpaka juu ya kichwa akawa kama gunia. Anyesi alikaa kiti cha mbele yao, mgongo wima, kanga yake ikiwa mabegani ilipokuwa.

Mguu haukuingia kati ya viti. Marcelo aliuinua akauweka mapajani mwake. Unyevu wa joto ulipita kwenye kitambaa, ukapita kwenye suruali, ukafika kwenye ngozi. Barabara ilikuwa na makorongo, na kila korongo lilipobonyeza kidonda ile harufu ya papai ilipanda upya usoni kwake. Mate yalimjaa mdomoni. Akameza. Yakajaa tena. Akaipenda hewa ya dirishani kama mtu anavyopenda maji, lakini dirisha lilikuwa upande wa mzee, na kulielekea kungekuwa ni kuinama juu ya uso wake kana kwamba hayupo.

Simu ilianza kutetemeka mfukoni, juu kidogo ya pale mguu ulipolala. Alijua ni rais wa misheni. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikaanza tena. Ilikuwa karibu saa nne.

Mzee Bujiku hakuwa akitazama barabara. Alikuwa amegeuka kabisa kwenye kiti na kumkazia macho yeye, bila aibu, kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani, akingoja kuona kama pua itazibwa.

Marcelo aliiweka mikono yake miwili juu ya mguu, akaiacha hapo, akavuta pumzi kwa pua mpaka mwisho. Machozi yalimtoka. Akaitoa ile pumzi, akavuta nyingine.